Kupima Kazi ya Figo: Je, Kanuni Moja Yafaa kwa Watu Wote?

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye umri wa miaka 50, mkazi wa Busawe, mkoani Mara. Damu yake yaweza kupimwa mara moja tu, na bado yakapatikana majibu mawili: kwamba figo zake hazijafikia kiwango cha ugonjwa, au kwamba zimekwisha kukifikia. Tofauti hiyo haitoki katika damu, bali katika kanuni ya hesabu iliyotumika.

Kazi ya figo ni kuchuja damu. Kwa kijana mwenye afya njema, figo mbili huchuja kiasi cha mililita 100 au zaidi kila dakika. Kiwango hicho kikishuka chini ya 60 kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, mtu huyo huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu wa figo. Kwa kuwa ni vigumu kupima uchujaji wenyewe, maabara hupima kreatinini, yaani taka itokayo katika misuli na kuondolewa na figo. Figo zikidhoofu, kreatinini huongezeka katika damu.

Lakini kreatinini haitegemei figo peke yake. Mwenye misuli mingi huitoa kwa wingi. Aliyekondeshwa na njaa au maradhi huitoa kidogo. Hata mlo wa nyama iliyopikwa huipandisha kwa saa kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa aliyedhoofika aweza kuonekana ana figo nzima, kumbe ni misuli iliyopungua.

Kizidisho cha rangi

Katika tafiti za Marekani, Wamarekani weusi walionekana kuwa na kreatinini nyingi kuliko weupe wenye uchujaji ulio sawa. Kwa sababu hiyo, kanuni iliyotolewa mwaka 2009 ilizidisha majibu ya watu weusi kwa 1.159. Ikiwa mkulima wetu ana kreatinini ya maikromoli 133 kwa lita, kanuni hiyo bila kizidisho humpa 53. Pamoja na kizidisho humpa 62. Namba moja humweka miongoni mwa wanaohitaji uangalizi, na nyingine humrudisha nyumbani.

Je, kizidisho hicho kinamfaa Mwafrika? Utafiti uliofanywa Kinshasa na Abidjan, na kutangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba hakifai. Mwaka 2021 Marekani yenyewe ilitoa kanuni mpya isiyotaja rangi, ambayo humpa mkulima wetu 56. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 2500 wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini. Hao walidungwa dawa iitwayo aioheksoli, kisha ikapimwa kasi ya kutoka kwake mwilini. Ilidhihirika kwamba kanuni za kreatinini zilikadiria kazi ya figo kupita kiasi, na kizidisho kiliongeza kosa hilo. Basi kuondoa kizidisho ni hatua ya kwanza tu.

Hatari ya kosa

Kadirio lililo juu mno huchelewesha matibabu ya mwenye kisukari au shinikizo la damu. Tena, dawa kama tenofoviri, itumiwayo na wenye virusi vya UKIMWI, huhitaji figo zichunguzwe kwa makini. Ugonjwa ukigunduliwa umekwisha kukomaa, husalia usafishaji wa damu kwa mashine au upandikizaji wa figo, mambo yenye gharama kubwa.

Kipimo cha sistatini hakitegemei sana misuli, ila ni ghali zaidi. Pale kisipopatikana, inafaa kupima pia protini katika mkojo, kurudia kipimo baada ya miezi mitatu, na kuutazama mwili wa mgonjwa na chakula chake. Mkurya wa Busawe, mvuvi wa Unguja na Mmarekani mweusi wa Chicago hawana misuli ya namna moja wala mlo mmoja. Rangi ya ngozi haipimi figo.