Ruzuku ya Bima ya Mifugo: Mambo ya Kujua Kabla ya Ukame

Ukame hauui mifugo kwa siku moja. Nyasi hukauka kwanza, maziwa hupungua, bei ya ng'ombe aliyekonda huporomoka sokoni, kisha ndipo mizoga huonekana. Kwa kuzingatia mfuatano huo, Serikali ya Kenya ilianza mwaka 2015, katika kaunti za Wajir na Turkana, kuwalipia bima ya mifugo wafugaji wasiojiweza. Baadaye mpango huo ulienea hadi kaunti nane za maeneo kame. Somo hili linaeleza namna bima hiyo inavyofanya kazi na yale ambayo ruzuku haifidii.

Bima hupima nini?

Bima hii hupima malisho, wala haihesabu mifugo iliyokufa. Setilaiti huchunguza ukijani wa eneo zima, na matokeo hulinganishwa na ya msimu kama huo katika miaka iliyopita. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa katika mkataba, kila aliyekatiwa bima katika eneo hilo hulipwa kwa kiwango kimoja. Kutokana na utaratibu huo, mfugaji azingatie mambo matatu:

1. Unaweza kulipwa ilhali mifugo yako yote ingali hai. Fedha hizo zimekusudiwa kununulia nyasi, maji na dawa mapema, kabla mifugo haijadhoofika.
2. Mifugo ikifa kwa maradhi au ikiibwa, bima hii haikufidii.
3. Malisho ya kijijini kwako yanaweza kukauka huku sehemu nyingine za eneo la bima zikiwa na ukijani, nawe usilipwe. Aidha, setilaiti haitofautishi vyema nyasi na vichaka vya mathenge.

Ruzuku hulipia kiasi gani?

Katika mpango wa mwaka 2015, Serikali ililipa ada yote ya bima kwa vipimo 5 vya mifugo kwa kila kaya iliyoteuliwa. Ng'ombe mmoja ni kipimo 1, ngamia mmoja ni 1.4, na mbuzi au kondoo mmoja ni 0.1.

Tuchukue mfano wa kaya yenye ngamia 2, ng'ombe 3 na mbuzi 20. Ngamia ni vipimo 2.8, ng'ombe 3, na mbuzi 2. Jumla ni 7.8. Ruzuku ilikinga 5. Vipimo 2.8 vilibaki bila kinga, isipokuwa mwenyewe alipie.

Mradi wa DRIVE, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022 kwa ajili ya Kenya na nchi jirani, umefuata njia nyingine: ada hupunguzwa kwa ruzuku, na mfugaji huchangia sehemu yake. Kwa kuwa sasa mfugaji hutoa fedha zake mwenyewe, ni haki yake kuuliza maswali.

Kabla ya kulipa, uliza:

- Je, kampuni na wakala wake wana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima?
- Mkataba unahusu msimu upi: masika, vuli, au yote miwili?
- Mipaka ya eneo la bima ni ipi, na ninapolisha mifugo wakati wa kuhama pamo ndani yake?
- Fidia huanza kulipwa malisho yakifikia kiwango gani?
- Fedha zitatumwa kwa nambari ipi ya simu au akaunti ipi ya benki?

Dai stakabadhi, na uhifadhi nakala ya mkataba. Usiposoma mwenyewe, mwombe mtu unayemwamini akusomee kabla hujatia sahihi. Ukiwa na lalamiko, lipeleke kwanza kwa kampuni. Usiporidhika, lifikishe kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Jipime

1. Ng'ombe wako watatu wamekufa kwa homa ya mapafu. Je, bima hii itakulipa? Kwa nini?
2. Una ngamia 1 na kondoo 16. Una vipimo vingapi?

*Majibu:* 1. La, bima hupima malisho, si vifo. 2. Vipimo 3.