Safu za Vichujio vya Dijitali katika Vipokezi vya Setilaiti

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi kipokezi cha setilaiti kinavyotenganisha njia nyingi za mawasiliano zinazofika kwa pamoja. Istilahi "safu ya vichujio" imeteuliwa badala ya "benki", kwani neno hilo humpeleka msomaji kwenye fedha kabla hajakiona kifaa chenyewe.

2.0 Tatizo

Tuchukue mkanda wa megahezi 36, upana uliozoeleka wa transponda, ugawanywe katika njia 64 za kilohezi 562.5 kila moja. Wazo la kwanza ni kuunda vichujio 64 vinavyojitegemea. Kila kimoja kikiwa na vizigeu 512, na kikitoa jibu moja kwa kila fungu la sampuli 64, safu nzima itadai vizidisho 32,768 kwa kila fungu. Mzigo huo hula umeme na kukichosha kipokezi.

3.0 Suluhisho

Vichujio hivyo vyote ni vya ukoo mmoja: kila kimoja ni kichujio mama kilichohamishwa hadi masafa mengine. Kwa hivyo, vizigeu 512 vya mama hugawanywa katika matawi 64, kila tawi vizigeu 8. Sampuli hugawiwa matawi kwa zamu, mithili ya karata mezani. Kisha majibu ya matawi hupitishwa katika Mgeuzo wa Haraka wa Fourier, mbinu ambayo Cooley na Tukey waliichapisha mwaka 1965. Mgeuzo huo wa nukta 64 hudai takriban vizidisho 192. Jumla ni 704. Kazi imepungua zaidi ya mara 46, na jibu ni lile lile.

4.0 Tahadhari

Aidha, wepesi huu hauondoi hatari ya uvujaji. Kichujio mama kikizuia njia jirani kwa desibeli 40 tu, jirani mwenye nguvu mara 10,000 atavujisha kiasi kinacholingana na ishara dhaifu yenyewe, naye mpokeaji hatasikia neno. Kuongeza vizigeu hupunguza uvujaji, lakini huongeza ucheleweshaji. Hali kadhalika, kasi ya sampuli ikilingana kabisa na upana wa njia, kingo za njia hukunjamana na kuchanganyika. Ndiposa wahandisi wengi huiongeza, kwa mfano maradufu.

5.0 Hitimisho

Ni bayana kwamba hatima ya safu imo katika kichujio mama. Mwundaji hana budi kuijua kwanza ishara dhaifu kuliko zote anayotaka kuiokoa, ndipo ahesabu vizigeu.