Malezi ya Divai: Divai Nyeupe ya Bourgogne na Mtihani wa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Kila lugha hujaribiwa pale inapotakiwa kutaja jambo ambalo wazungumzaji wake hawakulizoea. Kiswahili kimekwisha kufanya mitihani mingi ya aina hiyo katika sheria, sayansi, isimu na teknolojia ya mawasiliano, na mara nyingi kimefaulu. Hata hivyo, katika uundaji wa istilahi pana kasoro moja inayojirudia: neno la Kiingereza hutazamwa kwanza, na dhana yenyewe baadaye. Matokeo yake ni istilahi ambazo ni vivuli vya Kiingereza hata pale ambapo dhana husika haikutoka Uingereza wala haikuzaliwa katika Kiingereza.

Makala haya yanachukua mfano ulio mbali na mazingira ya Afrika Mashariki, yaani divai nyeupe ya Kifaransa inayokomazwa katika mapipa ya mwaloni na kutengenezwa na shamba la familia. Mfano huu umeteuliwa kwa sababu msamiati wake wa asili ni wa Kifaransa, na hivyo unatoa nafasi nzuri ya kupima kinachopatikana mfasiri anapoiendea dhana moja kwa moja bila kupitia Kiingereza. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno ya kazi hii, na kwamba baadhi ya maneno hayo yanaikaribia dhana ya Kifaransa kuliko yale ya Kiingereza.

Mvinyo au divai?

Yafaa kuanza na jina la kinywaji chenyewe. Kiswahili kina maneno mawili, na yote mawili yameingia kutoka Ulaya. "Mvinyo" linatokana na Kireno "vinho", nalo ni mojawapo ya mabaki ya ujio wa Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki tangu mwaka wa 1498. Lilipopokelewa, lilipewa umbo la ngeli ya U-I, likawa "mvinyo huu" na "mivinyo hii", kana kwamba limeoteshwa papa hapa. "Pipa", chombo ambacho makala haya yatakirejelea mara kwa mara, nalo lilitoka kwa Wareno hao hao.

"Divai" linahusishwa na Kifaransa "du vin". Jambo la kuvutia kiisimu ni kwamba Kiswahili hakikuchukua nomino peke yake, bali kilimeza pamoja nayo kile kipashio cha Kifaransa kinachoitangulia nomino kuonyesha kiasi kisichotajwa. Mswahili alisikia fungu zima akalifanya neno moja. Kwa kuwa "mvinyo" kwa muda mrefu limetumika pia kwa vileo vikali vinavyokenekwa, makala haya yanatumia "divai" kwa kinywaji cha zabibu kilichochachuka. Aidha, mti wa "mwaloni" si mgeni kwa msomaji wa Kiswahili ingawa hauoti katika vijiji vyake: Biblia ya Kiswahili inaitaja mialoni ya Mamre katika kitabu cha Mwanzo. Tafsiri ya kale ilikwisha kulifanya kazi neno hili kabla ya wanaistilahi wa leo.

Shamba la familia na dhana ya ngwe

Mfano mahususi ni Domaine Leflaive, shamba lililo katika kijiji cha Puligny-Montrachet, jimbo la Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa. Mwasisi wake, Joseph Leflaive, alizaliwa mwaka wa 1870, na alinunua mashamba ya mizabibu hatua kwa hatua mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati huo bei ya ardhi ilikuwa imeshuka baada ya mdudu filoksera kuangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19. Mwanawe Vincent aliendeleza kazi hiyo. Mjukuu wake, Anne-Claude Leflaive, alishika usukani katika miaka ya 1990, akalibadilisha shamba zima likalimwa bila kemikali za viwandani, kwa kufuata kilimo cha bayodinamiki. Alipofariki mwaka wa 2015, uongozi ulimwendea Brice de La Morandière, kitukuu wa mwasisi. Nasaba ya shamba hili inasimulika kwa Kiswahili bila shida, kwani mwana, mjukuu na kitukuu kila mmoja ana jina lake.

Uendelevu huo si jambo la kawaida. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka wa 1804 iliweka kanuni ya warithi kugawana mali kwa usawa, na kwa hiyo mashamba ya Bourgogne yalikatwakatwa kizazi baada ya kizazi. Shamba maarufu la Montrachet lina takriban hekta 8 tu, na hekta hizo zinamilikiwa na watu na kampuni zaidi ya kumi. Sehemu ya Leflaive humo ni takriban hekta 0.08. Familia hii iliepuka mgawanyo zaidi kwa kuunda kampuni ya kifamilia, ili warithi wagawane hisa badala ya kugawana mizabibu. Msomaji wa Kenya aliyeshuhudia shamba la babu likigeuka vipande visivyotosha hata kupanda mahindi ataielewa hofu iliyozaa uamuzi huo.

Vipande hivyo vya ardhi huitwa "climat" katika Bourgogne. Neno hili halimaanishi hali ya hewa peke yake, bali kipande cha ardhi chenye mpaka, jina na historia, ambacho divai yake inatambulika kuwa tofauti na ya jirani. Mwaka wa 2015 UNESCO iliviorodhesha vipande hivyo kuwa urithi wa dunia. Mfasiri anayeanzia Kiingereza huenda akaandika "tabianchi" na kupotoka kabisa. Kiswahili kina neno "ngwe", yaani sehemu ya shamba iliyopimwa na kutengwa kwa mlimaji. Ngwe ina mpaka, ina mwenyewe na ina kazi. Ni kweli kwamba haina ile sifa ya ladha iliyomo katika "climat", lakini sifa hiyo yaweza kuongezwa kwa matumizi, kama ilivyoongezwa katika Kifaransa chenyewe.

Kulea au kuzeesha?

Divai nyeupe ya Puligny-Montrachet hutengenezwa kwa zabibu aina ya Chardonnay. Baada ya mavuno, zabibu hukamuliwa na maji yake kutengwa na maganda. Hamira hugeuza sukari kuwa alkoholi na hewa ya kaboni. Katika divai za aina hii, uchachukaji huo hutokea ndani ya mapipa ya mwaloni, ambayo kwa desturi ya Bourgogne huchukua lita 228. Hamira ikimaliza kazi hufa na kutuama chini, na hayo ndiyo mashapo. Watengenezaji wengine huyakoroga kwa kijiti ili yaipe divai uzito mdomoni. Baadaye bakteria hubadilisha asidi kali iliyo sawa na ile ya tofaa kuwa asidi laini ya maziwa. Wakati wote huo hewa kidogo hupenya katika mbao, divai nyingine hupotea kwa mvuke, na mtunzaji hulazimika kulijaza pipa kila mara ili divai isiharibike. Katika shamba la Leflaive, divai hukaa mapipani takriban mwaka mmoja, kisha ikahamishiwa katika matangi ya chuma kwa miezi kadhaa kabla ya kutiwa chupani. Ni sehemu tu ya mapipa ambayo huwa mapya, kwa kuwa pipa jipya huachia harufu nyingi na laweza kuimeza ladha ya zabibu.

Kipindi hiki, kuanzia mwisho wa uchachukaji hadi chupani, Wafaransa hukiita "élevage". Hapa ndipo kiini cha mjadala huu kilipo. Kiingereza hutumia neno lenye maana ya kuzeeka. Mfasiri akilifuata ataandika "uzeeshaji", na picha itakayomjia msomaji ni ya kitu kinachodhoofika kwa kupita kwa miaka. Kifaransa hakisemi hivyo. Kitenzi "élever" hutumika kwa mzazi anayemkuza mtoto na pia kwa mfugaji anayetunza ng'ombe.

Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachobeba maana zote mbili, kwani mtoto hulelewa na mnyama hufugwa. Kwa hiyo mfasiri hana budi kuteua. "Ufugaji" ungesisitiza faida ya mwenye mali. "Malezi" yanasisitiza mlezi anayekaa karibu, anayerekebisha, anayejua lini aingilie kati na lini aache. Hiyo ndiyo kazi ya mtunza pipa: kujaza, kukoroga au kutokoroga, kuonja, kungoja. Methali husema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na watengenezaji wa Bourgogne wangeikubali bila maelezo. Ngwe mbili jirani na pipa la aina moja huweza kutoa divai mbili tofauti kwa sababu ya mlezi. Kwa msingi huu, makala haya yanapendekeza "malezi ya divai" kuwa istilahi ya kipindi hicho, na "kukomaa" kuwa matokeo ya malezi mema.

Uteuzi huu una manufaa ya kiutendaji pia. Tangu divai za katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi wa divai nyeupe za Bourgogne walianza kulalamika kwamba chupa nyingi zilizotarajiwa kudumu miaka mingi zilibadilika rangi kuwa kahawia na kupoteza ladha mapema mno. Vizibo, kiasi cha kihifadhi na mbinu za ukamuaji vyote vilitiliwa shaka. Lugha inayotumia neno moja kwa kukomaa na kuzeeka hupata taabu kulieleza tatizo hili. Kiswahili kinatofautisha wazi: divai iliyokomaa, divai iliyozeeka na divai iliyochakaa. Chupa zile zilichakaa kabla ya kukomaa. Sentensi hiyo fupi inaeleweka papo hapo.

Msamiati wa ladha

Eneo gumu zaidi ni ladha na harufu. Mwanasemantiki Adrienne Lehrer, katika kitabu chake Wine and Conversation cha mwaka wa 1983, alionyesha kwamba wanywaji wa kawaida hutumia maneno mengi ya sifa lakini hawaafikiani sana kuhusu divai gani inastahili neno gani. Mwaka wa 2001 watafiti Morrot, Brochet na Dubourdieu walichapisha jaribio ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi hao waliieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Funzo kwa wanaistilahi ni kwamba hata katika lugha zenye mazoea ya karne nyingi, msamiati wa ladha huongozwa na macho na desturi. Kiswahili hakina sababu ya kujiona duni mbele yake.

Maneno mengine hupata visawe kwa wepesi. Kifaransa husifu divai kwa harufu ya jiwe la bunduki. Kiswahili kina "gumegume", jiwe hilo hilo lililotumika katika bunduki za zamani, hivyo "harufu ya gumegume" ni kisawe kamili. Mwaloni una kemikali ziitwazo laktoni ambazo hunukia nazi. Mwonjaji wa Ulaya hulazimika kulikumbuka tunda la mbali, ilhali msomaji wa Lamu au Kilifi anajua hata kutofautisha harufu ya tui na ya nazi iliyokaangwa. Divai yenye uzito mdomoni huitwa "gras", yaani yenye mafuta. Tafsiri sisisi inachukiza, lakini kivumishi "-nono", kinachosifu mlo na hata mshahara, kinafaa: "divai nono". Divai isiyo na sukari huitwa kavu. Huenda mtu akapinga kwamba kimiminika hakiwi kikavu, lakini Kiswahili tayari kina "chai kavu" na "wali mkavu", ambapo ukavu ni kukosekana kwa kiambatanishi.

Maneno mengine hugoma. "Noisette" ni kokwa ya Ulaya isiyofahamika na wasomaji wengi wa Kiswahili, nayo hutajwa sana katika maelezo ya divai za Bourgogne. Nadharia ya Eugene Nida ya usawe wa athari ingeruhusu "korosho za kukaanga", kwa kuwa msomaji angepata hisia inayokaribiana. Katika riwaya, suluhisho hilo linakubalika. Katika maelezo ya bidhaa, hata hivyo, korosho ni dai la ukweli ambalo chupa haitalithibitisha. Hapo ni heri kutumia jina jumuishi, "kokwa zilizokaangwa", ambalo ni pana lakini halidanganyi. Aina ya matini ndiyo iamue.

Pingamizi

Yawezekana kuulizwa kama inafaa kutumia juhudi za wasomi kuunda msamiati wa kileo, hasa katika lugha iliyolelewa na jamii ya Kiislamu inayokiharamisha. Pingamizi hili lina uzito na halipaswi kupuuzwa. Jibu ni kwamba kutaja si kunywa. Daktari huhitaji majina ya maradhi, na hakimu huhitaji majina ya makosa. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na lugha rasmi haichagui biashara itakayoizungumzia. Zaidi ya hayo, Dodoma nchini Tanzania hulimwa zabibu na kutengenezwa divai na watu wanaozungumza Kiswahili kila siku. Wao hawahitaji kufasiriwa kazi yao kutoka Kiingereza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba divai nyeupe ya Puligny-Montrachet, pamoja na ugeni wake, inaelezeka kwa Kiswahili kwa kutumia maneno yaliyopo: ngwe, mashapo, malezi, kukomaa, kuchakaa, gumegume na -nono. Mengi kati ya hayo yasingepatikana kama safari ingeanzia katika kamusi ya Kiingereza. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa tafsiri na istilahi wafundishwe kuuliza kwanza dhana inafanya nini katika jamii yake, kisha waitafute kazi inayofanana nayo katika maisha ya Waswahili, na ndipo waangalie lugha ya tatu ikiwa haja bado ipo. "Malezi" halikuwa neno la kuundwa. Lilikuwa nyumbani muda wote, likingoja kuitwa.