Pete, Furungu au Mtali? Istilahi na Elimu ya Ndege Wahamao Mitaani Eastlands

Utangulizi
Kila mwaka ifikapo Septemba, mbayuwayu kutoka Ulaya na Asia huanza kuwasili Nairobi. Sisi wakazi wa Eastlands huwaona wamejipanga kwenye nyaya za stima, Umoja hadi Kayole, na mabwawa ya majitaka ya Dandora huko Ruai hupokea wageni wa majini. Kufikia Aprili wengi huwa wamerejea kaskazini kuzaliana. Safari zao huchunguzwa kwa kifaa kidogo kinachofungwa mguuni. Makala haya yanajadili jina la kifaa hicho kwa Kiswahili.

Usuli
Mwaka 1899, mwalimu Hans Christian Mortensen wa Viborg, Denmark, aliwafunga kwezi 165 vikuku vya alumini vyenye namba. Nchini Kenya, kazi hii imefanywa Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969. Usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, hasa Novemba na Desemba, ndege huvutwa na taa za hoteli. Hunaswa kwa nyavu laini, hupimwa bawa na uzito, hufungwa kifaa, kisha huachiliwa. Zaidi ya laki nne wamepitia mikono hiyo. Hata hivyo, namba hiyo haina faida kubwa mpaka ndege aonekane tena na habari zake zitolewe. Kwa hiyo mwananchi anayemwokota ni mshiriki wa utafiti.

Istilahi
Tumwambie mwananchi huyo ameona nini? "Pete" inajulikana na wote, lakini ni pambo la kidoleni na huashiria ndoa. "Furungu" ni pambo la mguuni, ila pia ni jina la tunda. "Mtali" hauna utata huo, lakini ni wachache mitaani kwetu waulewao. Kimantiki mtali unafaa. Kimatumizi pete inatangulia. Mwandishi anapendekeza "pete ya mguuni" kwa umma, na "mtali" ubaki katika maandishi ya kitaalamu.

Elimu kwa umma
Jambo hili si la kamusi pekee. Mwaka 2013, korongo aliyebeba kifaa cha utafiti alizuiliwa huko Qena, Misri, akishukiwa kuwa jasusi. Nami nilipomsimulia kijana mmoja wa Dandora habari za ndege wenye pete, aliniuliza, "Kaka, huyo si ametumwa?" Alimaanisha uchawi. Anayehofu hivyo atamtupa ndege pamoja na namba yake, na safari ya maelfu ya kilomita itapotea jaani.

Hitimisho
Asiyejua maana haambiwi maana. Wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kushirikiana na Makavazi ya Kitaifa na shirika la Nature Kenya kuandaa maelezo mafupi kwa shule za mitaani: pete ya mguuni ni nini, namba isomwe vipi, ipelekwe wapi, na kwamba ndege aliye hai asivuliwe. Lugha yetu itakuwa imemlinda mgeni aliyetua mlangoni petu.