Namba ya Bwana Fermat

Namba 12 hugawanyika kwa 3, hugawanyika na kwa 4. Lakini 13 haikubali kugawanywa na namba yo yote, ila 1 na yenyewe. Namba ya namna hii huitwa tasa.

Zamani katika mji wa Toulouse, inchi ya Ufaransa, alikaa mwamuzi jina lake Pierre de Fermat. Kazi yake ilikuwa mashauri ya watu, lakini moyo wake ulipenda hesabu. Alitengeneza namba hivi: alitwaa 2, akaongeza 1, akapata 3. Kisha 2 mara 2 ni 4. Akaongeza 1, akapata 5. Tena 4 mara 4 ni 16. Akaongeza 1, akapata 17. Kwa njia ile ile alipata 257, halafu 65.537. Zote tano ni tasa.

Ya sita ni kubwa kweli: 65.536 mara 65.536, na 1 juu yake, ni 4.294.967.297. Hizo ni miliari nne na zaidi! Mwaka 1640 Fermat aliandika katika barua kwamba aliamini namba hizi zote ni tasa, hata zitakazofuata. Lakini hakuwa na uthibitisho. Na kuipima ile ya sita ni kazi nzito, kwa maana namba tasa zilizo chini ya 65.536 ni 6.542. Nani atazijaribu moja moja?

Fermat alikufa mwaka 1665. Mwaka 1732 kijana wa miaka 25, Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel katika Uswisi, alikuwa akifanya kazi Petersburg, inchi ya Urusi. Yeye alionyesha kwamba namba ile hugawanyika kwa 641. Baadaye alieleza njia ya mkato: kila namba tasa inayoweza kuigawanya, ukiigawanya yenyewe kwa 64, lazima ibaki 1. Basi 3, 7 na 11 haina faida kuzijaribu. Mtu ataanza na 193, halafu 257, 449, 577, ndipo 641. Majaribio matano tu! Hata asiyejua njia hiyo, akianza na 2 na kufuata namba tasa kwa taratibu, atafika 641 katika jaribio la 116.

Na zile zinazofuata ya sita? Hata leo, pamoja na mashine za kuhesabu, haijapatikana hata moja iliyo tasa.

Sasa twaeni kaye. Andikeni 6.700.417, mzidishe kwa 600, kwa 40, na kwa 1, halafu mjumlishe. Asiyepata 4.294.967.297 aanze tena.