DAWA YA DHIKI YA MOYO
Mambo madogo ya kila siku yamfaayo mwenye huzuni na mashaka

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, Aliyeumba maradhi akaumba na dawa zake. Rehma na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu Muislamu, kitabu hichi kidogo tumekiandika kwa sababu ya jambo tuliloliona kwa macho yetu. Alikuwako katika mtaa wetu mtu asiyekosa safu ya kwanza katika sala ya alfajiri. Akafiwa na mwanawe. Baada ya arubaini akaacha kuja msikitini, akaacha na kazi yake, akawa kutwa amejifungia nyumbani. Usingizi haumjii, wala chakula hakimpiti kooni. Sisi tuliokuwa tukisali naye tulimwendea, na tulilomwambia ni hili: "Subiri bwana, huzuni nyingi ni upungufu wa imani." Tukarudi makwetu tukijiona tumetimiza wajibu. Yule bwana akazidi kujificha, kwani juu ya msiba wake tulimtwika na aibu.

Aliyemfaa ni bibi mmoja mzee, jirani yake, asiyepata kusoma kitabu. Kila asubuhi alimpelekea bakuli la uji, akaketi naye mpaka aumalize, kisha akamwambia: "Haya mwanangu, nisindikize sokoni." Hakumpa mawaidha yo yote. Alifanya hivyo siku nyingi, na polepole yule bwana akarudi kwa watu. Tulipofungua vitabu baadaye tulitahayari, kwani tuliona ya kuwa bibi yule alikuwa karibu zaidi na mwendo wa Mtume s.a.w. kuliko sisi.

HUZUNI SI DHAMBI

Jua, Mwenyiezi Mungu akurehemu, ya kwamba Nabii Yakub a.s. alilia kwa kumkosa mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Na khabari yake imo katika Sura ya Yusuf, aya ya 84. Katika sura hiyo hiyo amesifika kwa subira njema. Basi machozi na subira vyaweza kukaa katika moyo mmoja. Na Mtume wetu s.a.w. alifiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, kama miaka 3 kabla ya Hijra, na wanavyuoni wakauita mwaka ule Mwaka wa Huzuni. Tena alipofiwa na mwanawe Ibrahim huko Madina, sahaba waliyaona machozi yake, naye akawabainishia kuwa hiyo ni rehema. Kilichokatazwa ni kusema yasiyomridhi Mola na kujipigapiga. Jicho kulia na moyo kuhuzunika havikukatazwa.

Wanavyuoni wamepambanua dhiki ya moyo mafungu mawili. Huzuni ni kwa jambo lililopita, na hamu ni kwa jambo linalongojewa, kama deni, au ugonjwa, au riziki ya kesho. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Anas r.a. kuwa Mtume s.a.w. alikuwa akikithirisha kuomba kinga kwa Mwenyiezi Mungu kutokana na yote mawili, pamoja na uvivu na uzito wa deni. Mtu haombi kinga ila kwa kitu chenye madhara. Kwa hivyo mwenye dhiki asione haya kuitafutia dawa.

Na jambo hili si la jana. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 322 wa Hijra (934), alitunga kitabu juu ya siha ya miili na nafsi, akaeleza ya kuwa nafsi nayo huugua kama mwili uuguavyo. Alishauri mtu ajiwekee fikira njema wakati moyo wake umetulia, kama mwenye nyumba awekavyo dawa kabla ya ugonjwa kuingia. Haya tutakayoyataja ni katika akiba hiyo.

DAWA YA KWANZA: UDHU, SALA NA PUMZI

Imepokewa kuwa shetani humfunga mtu aliyelala mafundo matatu. Akiamka akamtaja Mola wake, hufunguka la kwanza. Akitawadha, la pili. Akisali, la tatu. Akapambaukiwa na nafsi njema. Na Mtume s.a.w. alikuwa akimtaka Bilal r.a. akimu sala ili apate raha kwayo. Basi mwenye dhiki asiione sala kuwa ni deni jengine katika madeni yake. Aiingie kama aingiaye kivulini.

Na katika Sura ya Ar-Raad, aya ya 28, Mwenyiezi Mungu ametufunza ya kwamba kwa kumkumbuka Yeye ndipo mioyo itulizanapo. Nasi twaleta dhikri kwa haraka mno, kama wahesabuo nazi. Matabibu wa zama zetu wamethubutisha kuwa mtu akivuta pumzi taratibu, kisha akaitoa polepole kuliko alivyoivuta, moyo wake hupunguza mbio na mwili hulegea. Basi keti, vuta pumzi kwa upole, na uitoapo useme dhikri yako kwa utulivu, dakika 5 hivi. Hatusemi hii ni ibada mpya. Dhikri ni ile ile, ila imesomwa kwa makini.

DAWA YA PILI: KUTOKA NYUMBANI NA KUTEMBEA

Mwenye huzuni hupenda giza na mlango uliofungwa, na hivyo viwili humzidishia. Nuru ya asubuhi huuamsha mwili na kuutengenezea saa zake za kulala na kuamka. Na Shirika la Afya Ulimwenguni lahimiza mtu mzima atembee kwa bidii, au afanye kazi ya mfano wake, dakika 150 kwa uchache kila juma. Nalo lasema kuwa hilo hupunguza wasiwasi na unyonge wa moyo.

Ewe ndugu, hesabu. Ikiwa msikiti uko mwendo wa dakika 5, kwenda na kurudi ni dakika 10. Ukiuendea kwa alfajiri, magharibi na isha, umepata dakika 30 kwa siku, na kwa siku 5 ni 150 kamili. Tena imethubutu katika Hadithi ya kuwa mwenye kutoka mbali zaidi ndiye mwenye ujira mkubwa zaidi. Na bibi asiyekwenda msikitini, naye atoke asubuhi, akamjulie hali mgonjwa au jamaa yake, kwa miguu. Apate thawabu na siha kwa safari moja.

DAWA YA TATU: USINGIZI

Mtume s.a.w. alikuwa akichukia mazungumzo baada ya sala ya isha. Sisi leo twakesha, huyu kwa porojo na kahawa, na yule kwa simu iliyo mkononi mwake, akisoma misiba ya dunia nzima mpaka usiku wa manane. Kisha huuliza mbona kifua kimembana. Matabibu wasema mtu mzima yampasa kulala muda wa saa 7 au zaidi. Basi iweke simu chumba chengine, uache kahawa tangu alasiri, na ulale kwa udhu. Na likikujia usiku jambo la kesho, liandike katika karatasi, ulikabidhi kwa Mola wako mpaka asubuhi.

DAWA YA NNE: CHAKULA NA JIRANI

Bibi Aisha r.a. alikuwa akiamrisha mfiwa apikiwe talbina, nao ni uji mwepesi wa unga wa shayiri, na akapokea kwa Mtume s.a.w. ya kuwa huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Angalia neno hilo: baadhi. Bakuli la uji halimrudishi maiti, lakini humpa aliye hai nguvu ya kuifikia adhuhuri.

Na Jaafar bin Abi Talib r.a. alipouawa Muuta mwaka wa 8 wa Hijra (629), Mtume s.a.w. aliamrisha watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Twaona kinyume chake katika miji yetu mingi: mfiwa ndiye achinjaye, akope, alishe mtaa mzima, matanga yakisha watu hutawanyika, naye hubaki na msiba na deni juu yake. Kumwondolea mfiwa mzigo huu ni dawa kubwa kuliko mawaidha yetu.

DAWA YA TANO: KUULIZA NA KUULIZWA

Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa ya kuwa Mtume s.a.w. alimkuta Abu Umama r.a., mtu wa Ansari, ameketi msikitini si wakati wa sala. Akamuuliza kwa nini ameketi hapo. Akajibu kuwa ni hamu na madeni. Mtume s.a.w. akamfundisha dua ya kuomba kinga, asubuhi na jioni. Wako wanavyuoni walioidhoofisha isnadi yake, walakin maana ya dua yenyewe imo katika Hadithi ya Anas tuliyoitaja. Zingatia mwendo wake: alianza kwa kuuliza, akasikiliza jawabu, wala hakumwambia imani yake ni ndogo. Sisi kwa yule jirani yetu tulianza kwa hukumu.

Na imepokewa tena kuwa mtoto mdogo, Abu Umair, nduguye Anas, alifiwa na kijindege chake, na Mtume s.a.w. akamuuliza khabari zake kwa maneno ya upole na mzaha. Ikiwa huzuni ya mtoto kwa ndege imestahili kuulizwa, basi je, ya mtu mzima kwa mwanawe?

TAHADHARI

Haya yote ni dawa za nyumbani. Mtu akipitiwa na majuma mawili hana usingizi, hana hamu ya chakula, wala hafurahii alichokuwa akikipenda, na aende kwa tabibu. Na akianza kusema kwamba afadhali afe, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku ile ile. Asizungushwe kwa waganga miezi kwa kudhaniwa ana pepo. Mtume s.a.w. ametuamuru kujitibu, na kumsomea mgonjwa Kurani hakuzuii kumpeleka kwa tabibu, kama ambavyo mwenye homa husomewa na akapewa dawa.

Basi, ewe msomaji, ukisha kukisoma kitabu hichi, mfikiri mtu mmoja uliyemzoea msikitini au barazani ambaye siku hizi humwoni. Mwendee kesho. Usichukue mawaidha; chukua uji, umuulize hali yake, kisha unyamaze umsikilize.

Ewe Mola wetu, zikunjue nyoyo zilizobanwa, walipie wenye madeni, waliwaze waliofiwa, na utusamehe ulimi ulipotutangulia. Amin.

Wallahu aalam.