Siku za Mwezini na Masomo ya Binti Zetu

Yapo mambo ambayo watu huyanong'ona tu, na kwa kunong'onwa yakazidi kudhuru. Moja ni hedhi. Wasomaji wetu wapenzi wasishangae tukiitaja waziwazi katika ukurasa huu. Binti anayebaki nyumbani siku tatu au nne kila mwezi kwa kukosa kitambaa safi hupotewa na masomo mengi kwa mwaka, na mtihani hautamwuliza sababu. Basi yafaa wazazi wa milima ya Umatengo na wa mwambao wa Nyasa walijue jambo hili sawasawa.

Kwanza, hedhi ni nini? Si ugonjwa, wala si uchafu, wala si adhabu. Kila mwezi tumbo la uzazi hujitayarishia utando laini wenye damu, ili mimba ikitunga ipate kulelewa humo. Isipotunga, utando huo hubomoka ukatoka, aghalabu kwa muda wa siku mbili hadi saba. Katika miaka miwili ya kwanza siku za msichana huweza kupishana, bila kuwa na ubaya wo wote. Lakini damu ikizidi siku saba, au maumivu yakimlaza kitandani kila mwezi, hapana budi apelekwe hospitali.

Kwa watu wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay liko neno moja zaidi. Kichocho hupatikana katika maji ya Ziwa Nyasa, na dalili yake moja ni damu katika mkojo. Msichana asiyefundishwa huweza kudhani kuwa ni siku zake, akanyamaza. Na ugonjwa ukaachwa kudhuru viungo vya uzazi kwa siri. Kuzipambanua damu hizo mbili ni kazi ya tabibu. Lakini tabibu atajuaje, ikiwa binti hawezi kumwambia hata mama yake?

Pili, tutazame yanayofanyika kwingine. Tangu mwaka 2014, tarehe 28 Mei imekuwa siku ya hedhi salama duniani, kwa mwito uliotoka Ujerumani. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa mzunguko wa hedhi hukadiriwa siku 28, na Mei ni mwezi wa tano, kama vile hedhi yenyewe huchukua siku tano hivi. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwapa wasichana wa shule taulo bila malipo. Bunge la Uskoti lilipitisha sheria mwaka 2020 ili kila mwenye haja azipate bure.

Na kwetu Tanzania? Katika bajeti ya mwaka 2018, taulo za kike zilisamehewa kodi hiyo. Mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa, na Serikali ikaeleza kwamba bei haikushuka kwa mnunuzi. Somo la tukio hilo lisitupite. Msamaha uliotolewa juu ya bidhaa ulibaki njiani, kabla ya kumfikia msichana aliyekusudiwa. Anayetaka kumsaidia binti yapasa msaada wake umfikie binti mwenyewe: shuleni kwake, chooni kwake, na mkononi mwake.

Hapo ndipo tunapoigusa nyumba yetu. Mkulima wa kahawa wa Mbinga hupata fedha zake kwa msimu. Hedhi haingoji msimu. Huja wakati gunia limeuzwa, huja na wakati mfuko ni mtupu. Mvuvi wa usipa aweza kushika fedha mara nyingi zaidi, lakini mshika fedha ni baba, naye binti haya humzuia kuomba. Twaona basi kwamba mara nyingine tatizo si umaskini peke yake, bali ni fedha zilizomo nyumbani zisizopata njia ya kufika zinapohitajiwa. Baba anayenunua sabuni, chumvi na mafuta ya taa bila kuona haya, aione na haja hii kuwa katika matumizi ya nyumba.

Tatu, tufanye nini? Kitambaa cha pamba kinafaa kabisa, mradi kiwe safi. Kibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, kifuliwe kwa sabuni na maji safi, kikaushwe juani. Wengi hukificha chini ya godoro, kisikauke vema, ndipo ngozi huwashwa na kupata vidonda. Huko milimani, wakati wa mvua na ukungu, pasi ya mkaa husaidia kumaliza unyevu.

Shuleni, kanuni za nchi zataka tundu moja la choo kwa wasichana 20. Lakini tundu halitoshi. Mlango wenye komeo, maji karibu, na mahali pa kutupia au kuchomea taka, hivyo ndivyo vinavyomfanya binti akae darasani hadi kengele ya mwisho. Kamati za shule ziyaulize hayo zinapojenga, maana komeo ni ya bei ndogo kuliko mwaka wa masomo uliopotea.

Mwisho, yako makatazo. Ng'ambo ya ziwa, katika Malawi, yajulikana sana katazo la mwanamke aliye mwezini kutia chumvi katika chakula. Na mila za watu wa ziwa moja hazitenganishwi na maji. Hatuwadharau wazee. Nao ndio waliomfunza mwali alipovunja ungo, wakampa mtu wa kumwuliza, jambo ambalo sisi wa leo tumeliacha bila kuweka lingine mahali pake. Tuyaache yanayomtia binti hofu, tuushike ule ualimu. Mama na aanze kumfundisha kabla siku hiyo haijafika, na kaka zake wafundishwe pia, ili dada yao asichekwe njiani.